Ndege nyuki za upelelezi jeshini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila droni inapotajwa kwenye taarifa ya habari, maswali huanza upya: vijiweni, madarasani, kwenye makundi ya simu ya jamaa walioko Goma na Bukavu. Haya ndiyo yanayorudi zaidi. Nitashughulika na upelelezi, yaani kazi ya kutazama. Habari ya makombora itaingia pale tu ambapo haikwepeki.

Ndege nyuki, droni, ndege isiyo na rubani: ni kitu kimoja?

Ndiyo. Tanzania utasikia "ndege nyuki", Kenya na Kongo wengi husema "droni", na taarifa rasmi hupendelea "ndege isiyo na rubani". Majina mawili ya kwanza ni ndugu, kwa sababu neno la Kiingereza lililozaa "droni" ni jina la dume la nyuki. Mwaka 1935 Waingereza walikuwa na ndege iliyoongozwa kwa redio, wakaiita Queen Bee, malkia wa nyuki. Kazi yake ilikuwa kupigwa risasi: wapiga mizinga walijifunzia shabaha kwake. Inasimuliwa kwamba Wamarekani walioiona ndio waliorudi kwao wakaziita za kwao madume.

Jina la tatu linapotosha kidogo. Rubani yupo, ila hayumo ndani. Yuko ardhini, pengine kilomita 5 kutoka ilipo ndege, pengine bara jingine kabisa, na nyuma yake kuna watu wengi zaidi kuliko wale wanaohitajika kwenye ndege ya kawaida. Hilo tutalirudia.

Ilikuwaje kitu cha kulengwa shabaha kikageuka kuwa mpelelezi?

Katikati ya miaka ya 1950 jeshi la nchi kavu la Marekani lilichukua ndege ndogo ya shabaha likaitia kamera ya filamu. Iliruka kwa takriban nusu saa, ikashuka kwa parachuti, filamu ikaenda kusafishwa. Ilikuwa kifaa cha kamanda kuona nyuma ya kilima kinachofuata, basi.

Kilichobadilisha mambo kilitokea tarehe 1 Mei 1960. Umoja wa Kisovieti ulitungua ndege ya kijasusi ya U-2 juu ya ardhi yake, na rubani wake, Francis Gary Powers, akakamatwa akiwa hai. Akashtakiwa hadharani, akafungwa, na mwaka 1962 akabadilishwa na jasusi wa Kisovieti. Kwa Washington aibu ya mtu kizimbani ilikuwa nzito kuliko hasara ya ndege. Kampuni ya Ryan, iliyokuwa ikitengeneza droni ya shabaha inayotumia injini ya jeti, ikapewa kazi ya kuigeuza iwe ya kupiga picha. Ikazaliwa familia iliyoitwa Lightning Bug, kimulimuli.

Kimulimuli hakupaa kutoka uwanjani. Alining'inizwa chini ya bawa la ndege kubwa ya mizigo aina ya DC-130, akaachiwa angani, akafuata njia aliyopangiwa kabla. Akimaliza, alirudi eneo salama, injini ikazimwa, parachuti ikafunguka, na helikopta ikaja kumnasa kwa kulabu akiwa bado anaelea hewani. Ukiifikiria kwa makini, ni kazi ya kutisha: rubani wa helikopta analenga parachuti yenye uzito wa gari chini yake, na akikosea kamba hizo zinaweza kumvuta yeye.

Huko Vietnam zilifaa kitu?

Zilifaa sana. Kati ya 1964 na 1975 ziliruka misheni zaidi ya 3,400 juu ya China na Asia ya Kusini-Mashariki. Mamia yalipotea, lakini hakuna familia iliyopelekewa barua ya rambirambi kwa ajili yake.

Mfano ninaoupenda ni wa Februari 1966. Wamarekani walikuwa wakipoteza marubani kwa makombora ya SA-2 ya Kisovieti, nao hawakujua ni ishara gani ya redio inayoliamuru kombora lilipuke linapokaribia ndege. Wakatuma droni moja iliyojazwa vifaa vya kunasa mawimbi, ikiwa imekusudiwa kupigwa. Kombora likaja. Droni ikainasa ishara ile, ikaituma kwa ndege iliyokuwa ikisikiliza kwa mbali, kisha ikasambaratika. Kutokana na sekunde hizo chache wahandisi waliweza kutengeneza vifaa vya kuwakinga marubani waliofuata.

Mfano wa pili unaniuma. Mwaka 1970 Marekani ilipanga kuwakomboa wanajeshi wake waliofungwa katika kambi ya Son Tay, magharibi ya Hanoi. Vimulimuli walitumwa wapite chini kabisa juu ya kambi ili ijulikane kama wafungwa bado wamo. Mmoja wao alikaribia kupata picha hiyo, lakini aliinamisha bawa mapema mno, kamera ikatazama pembeni, filamu ikarudi na picha ya upeo wa macho. Makomando walitua usiku wa kuamkia 21 Novemba 1970. Hawakukuta mfungwa hata mmoja. Walikuwa wamehamishwa tangu Julai.

Na ile ya kutazama mubashara ilianza lini?

Hapo lazima tuende Israel. Baada ya vita vya 1973, ambavyo makombora ya Misri na Syria yaliangusha ndege zake nyingi, wahandisi wa Israel waliunda ndege ndogo za propela, Mastiff na Scout, zenye kamera ya televisheni. Ubora wake haukuwa katika mwendo. Ulikuwa katika picha kufika kwa kamanda wakati jambo linatokea, badala ya kesho yake filamu ikishasafishwa.

Tarehe 9 Juni 1982, katika Bonde la Bekaa nchini Lebanon, dunia iliona maana yake. Syria ilikuwa na betri 19, yaani vikosi vyenye mitambo yake, za makombora ya kutungulia ndege. Scout na Mastiff zilikuwa zimezitazama kwa muda, zikajua kila gari lilipo. Siku ya shambulio nyingine zilirushwa kama chambo: Wasyria wakawasha rada kuzifuata, na rada ikishawashwa imejitangaza. Sehemu kubwa ya betri zile iliteketezwa siku hiyo hiyo. Majeshi mengi yaliyokuwa yakizidharau droni yalianza kupiga simu.

Ni kweli wanajeshi waliwahi kujisalimisha kwa ndege isiyo na mtu?

Kweli kabisa. Ilitokea mwaka 1991 katika kisiwa cha Faylaka, Kuwait. Meli ya kivita USS Wisconsin ilikuwa na ndege za Pioneer, mwanzo wake Israel, zenye injini ndogo yenye mlio wa mashine ya kukatia nyasi. Zilirushwa kwa roketi kutoka sitahani na kurudi kwa kunaswa na wavu. Pioneer ilikuwa ikitazama, mizinga ya milimita 406 ya meli inapiga, Pioneer inasema sogeza kushoto, mizinga inapiga tena.

Wanajeshi wa Iraq walishajifunza mfululizo huo. Kwanza mlio, kisha mvua ya chuma. Siku moja mlio ulipokuja walitoka kwenye mahandaki wakipunga vitambaa vyeupe kuelekea juu. Kwenye kioo cha meli waliokuwa zamu waliona watu wanaoiomba kamera iwahurumie. Sijui picha nyingine inayoeleza vizuri kuliko hiyo namna chombo kisicho na silaha hata moja kinavyoweza kuogopwa.

Predator ilitokana na nani?

Wengi hudhani droni hii maarufu ya Marekani ilitoka kwenye maabara kubwa ya jeshi. Mizizi yake iko kwenye gereji ya nyumba ya mtu mjini Los Angeles. Abraham Karem alizaliwa Baghdad mwaka 1937, akakulia Israel, akawa mhandisi wa ndege huko, kisha miaka ya 1970 akahamia Marekani. Katika gereji hiyo aliunda ndege nyepesi aliyoiita Albatross, iliyoweza kukaa hewani kwa zaidi ya siku mbili. Enzi hizo droni nyingi za jeshi zilikuwa zikianguka ovyo, na yeye alishikilia neno moja: ndege isiyo na rubani inapaswa kuaminika kama ile yenye rubani.

Serikali ikampa fedha, akaunda Amber, kisha fedha zikakatwa na kampuni yake ikafilisika. Kampuni ya General Atomics ikanunua kazi yake. Kutoka hapo ikaja Gnat 750, na tarehe 3 Julai 1994 Predator ikaruka kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata ilikuwa Gjadër, Albania, ikitazama vita vya Bosnia.

Kwa nini inaweza kukaa angani mchana kutwa na usiku kucha?

Itazame umbo lake. Mabawa marefu membamba, kama ya ndege wa baharini. Mwili mwembamba. Propela nyuma, ili pua ibaki huru kwa kamera na antena. Injini ya Predator ilikuwa Rotax ya silinda nne, ndugu wa zile zinazotumika kwenye ndege ndogo za burudani, na mwendo wake wa doria ulikuwa takriban kilomita 130 kwa saa. Basi la Dar kwenda Arusha likipata barabara nyeupe lingeweza kushindana nayo. Ikienda polepole inakula mafuta kidogo, na kwa kuwa hakuna mtu ndani wa kuchoka, ikamaliza saa 24 na zaidi.

Kubwa lao, Global Hawk, ni jambo jingine. Inatumia jeti, inaruka kilomita 18 juu, inakaa hewani zaidi ya saa 30. Mwaka 2001 ilivuka Pasifiki kutoka California hadi Australia bila kutua.

Kamera inaona nini hasa? Inaona uso wangu?

Kwenye ndege ya ukubwa wa kati, chini ya pua kuna mpira unaozunguka. Ndani yake mna kamera ya mchana yenye lenzi ndefu, kamera ya joto, na mara nyingi kifaa cha leza cha kupimia umbali. Ndege kubwa huongeza rada inayochora ardhi hata kukiwa na mawingu. Kutoka umbali wake wa kawaida inaona gari, inaona aina ya gari, inaona watu wanashuka wangapi. Uso kwa kawaida hauonekani. Majani mazito ya msitu huziba kamera zote mbili.

Niliwahi kuazima kamera ya joto ya fundi umeme, ile anayotumia kutafuta nyaya zinazochemka. Usiku nikaielekeza uani. Jiko la mkaa lililokwisha kuzimwa liling'aa kama limewashwa. Kuku waliolala juu ya mwembe walikuwa taa sita ndogo. Niliweka kiganja ukutani, nikakiondoa, na alama ya vidole vitano ikabaki pale ikififia polepole. Kisha akapita jirani na kitu kirefu begani. Niliona joto la kichwa, joto la mikono, na mstari mweusi. Jembe? Mchi? Bunduki? Nilimtambua kwa sauti tu aliponisalimia, na kumbe alikuwa na mchi, anaurudisha kwa shemeji yake.

Sasa weka kamera hiyo kilomita kadhaa juu, na anayeitazama hajawahi kukanyaga kijiji hicho, wala hajui kwamba mchi huazimwa usiku. Isitoshe, lenzi ikivutwa karibu, eneo linaloonekana linakuwa dogo kama unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Unaona mlango mmoja kwa makini huku mtaa mzima umekupita.

Nani yuko upande wa pili?

Kwa Predator na Reaper, ndege kubwa zaidi iliyozaliwa baada yake, viti viwili: rubani na mwendesha kamera. Nyuma yao wamo wachambuzi wa picha, watu wa hali ya hewa, mafundi, wanaolinda mawasiliano, na ofisa anayepokea taarifa. Kuiweka ndege moja juu ya eneo moja saa zote 24 kunataka ndege kadhaa za kupokezana na watu wengi sana.

Kuna jambo la kiufundi ambalo watu hulisahau. Ishara ikipitia setilaiti huchelewa takriban sekunde mbili kwenda na kurudi. Angani hilo linavumilika. Wakati wa kutua sekunde mbili ni ajali, kwa hiyo kunakuwa na kikosi kingine karibu na uwanja kinachorusha na kutua kwa redio ya moja kwa moja, kisha kinawakabidhi usukani walioko kambini Nevada, Marekani.

Kwa nini Umoja wa Mataifa ulipeleka droni Goma, na zilisaidia?

Swali hili ndilo linalonifikia zaidi, na wanaouliza wengi ni watu ambao paa la nyumba yao lilikuwa chini ya ndege hizo.

Novemba 2012 waasi wa M23 waliingia Goma huku walinda amani wa MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa nchini Kongo, wakiwepo mjini. Fedheha ile ilizaa mambo mawili. La kwanza ni brigedi ya kuingilia kati, iliyoidhinishwa na Baraza la Usalama Machi 2013, ikiwa na wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, chini ya Brigedia Jenerali James Mwakibolwa wa Tanzania. La pili ni ruhusa ya kujaribu ndege zisizo na rubani, bila silaha, kwa mara ya kwanza zikiwa chini ya operesheni ya Umoja wa Mataifa yenyewe. Rwanda ilikuwa na wasiwasi nazo mwanzoni.

Ndege iliyochaguliwa ilikuwa Falco, ya kampuni ya Selex ES ya Italia. Mabawa yake yana upana wa mita 7 na kitu, na redio yake inafika takriban kilomita 200. Ilizinduliwa uwanja wa ndege wa Goma tarehe 3 Desemba 2013 mbele ya Hervé Ladsous, mkuu wa operesheni za ulinzi wa amani. Zingatia tarehe. M23 walikuwa wametangaza kuweka silaha chini tarehe 5 Novemba. Walishindwa mwezi mmoja kabla jicho halijafunguka, na waliowashinda ni askari wa miguu, mizinga na helikopta.

Zilisaidia? Ndiyo, kwa namna ambazo baadhi hazikutarajiwa. Mei 2014 droni ikiwa kwenye doria yake iliona mashua imepinduka katika Ziwa Kivu. Taarifa ikapelekwa, boti za walinda amani zikatoka, watu 14 wakaokolewa. Nimeitaja habari hii kwa makusudi kwa sababu inaonyesha mnyororo mzima ukifanya kazi: jicho likaona, mtu akaelewa anachokiona, boti ilikuwa na mafuta, na ziwa lilikuwa karibu.

Msitu ni habari nyingine. Ardhi ya Kivu imefunikwa kwa miti na ukungu, waasi wa kule hutembea kwa makundi madogo, na aliyebeba mzigo wa ndizi na aliyebeba sanduku la risasi hufuata njia ile ile. Ndani ya mwaka wa kwanza zaidi ya Falco moja ilianguka. Mashirika ya misaada nayo yalipinga pale misheni ilipotaka kugawana nao picha, yakihofia wananchi wataona wafanyakazi wa chakula na dawa ni sehemu ya jeshi. Naona walikuwa na haki kuhofu.

Kisha ikaja tarehe 7 Desemba 2017. Kambi ya Semuliki, eneo la Beni, ilishambuliwa na waasi wa ADF kwa saa nyingi usiku, na askari wasiopungua 14 wa Tanzania wakauawa. Majeneza yalipopokelewa Dar es Salaam, nchi nzima ilinyamaza. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulisema misheni haikuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea vijana wale msaada au kuwatoa, na ukataja upungufu wa usafiri wa anga, wahandisi na taarifa za kijasusi. Miaka minne ilikuwa imepita tangu Falco ya kwanza ipae Goma. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema "wakinunua droni mambo yatakwisha" huwa namuuliza: ikishaona, nani atakwenda, kwa njia ipi, na atafika saa ngapi?

Goma ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kongo?

Hapana. Mwaka 2006, wakati wa uchaguzi, kikosi cha Umoja wa Ulaya kilikuwa Kinshasa na droni za Ubelgiji aina ya B-Hunter. Moja ilianguka mjini ikamuua mwanamke na kujeruhi watu. Droni ya kijeshi inaweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na mji uliobanana hauna mahali pazuri pa kuiangukia.

Na upande wa Bahari ya Hindi na Somalia?

Mwaka 2009 Marekani ilipeleka droni za Reaper Ushelisheli, sababu iliyotangazwa ikiwa ni kufuatilia maharamia. Djibouti imekuwa kituo kikubwa zaidi, kwanza kambi ya Marekani ya Camp Lemonnier kisha, tangu 2013, uwanja wa Chabelley ulio mbali na ndege za abiria. Ethiopia ilikuwa na kituo Arba Minch kwa miaka michache.

Mwaka 2011 Marekani ilitangaza msaada wa vifaa kwa majeshi ya Uganda na Burundi yaliyokuwa Mogadishu, zikiwemo droni nne ndogo za Raven. Raven ina uzito wa kilo 2 hivi na hurushwa kwa mkono, kama mtoto anavyorusha kishada. Inatazama kwa saa moja na ushei, na ikitua hujigawa vipande makusudi ili isivunjike, askari akaviokota na kuvipachika upya. Katika vita vya mtaa kwa mtaa, kuona nyuma ya ukuta unaofuata kuna thamani kuliko picha yoyote kutoka kilomita 18 juu.

Zinaweza kutunguliwa au kutekwa?

Zinatunguliwa kila mara. Predator ilikuwa polepole na haikuwa na pa kujificha, na hata barafu iliyoganda kwenye mabawa imeangusha kadhaa. Desemba 2011 Iran iliionyesha dunia RQ-170, droni ya siri ya Marekani, ikiwa karibu nzima. Tarehe 20 Juni 2019 Iran ikatungua Global Hawk ya jeshi la wanamaji la Marekani karibu na Mlango wa Hormuz. Iran ilisema ilikuwa katika anga yake, Marekani ikasema anga ya kimataifa. Jamaa walioko Muscat na Dubai wanakumbuka wiki ile, mashirika ya ndege yalivyobadili njia. Ndege ya zaidi ya dola milioni 100 iliteketea, na kwa kuwa hakufa mtu, shambulio la kulipiza kisasi lililokuwa limeandaliwa likasitishwa dakika za mwisho.

Njia ya bei nafuu kuliko kombora ni kuvuruga mawimbi: kuikatia redio, au kuidanganya kuhusu mahali ilipo.

Vita vya Ukraine vimebadilisha nini?

Vimeishusha bei ya jicho. Askari wa kawaida sasa anarusha droni ndogo ya dukani, ile ile inayopiga picha za harusi, na kuelekeza mizinga. Warusi wana Orlan-10, na Waukraine walipoifungua mojawapo mbele ya kamera walikuta ndani yake kamera ya Canon kama ya mpiga picha wa studio, na tangi la mafuta lenye kifuniko cha chupa ya plastiki. Watu walicheka. Mimi sikuona cha kucheka: kitu kilichoungwa hivyo kilikuwa kinaleta mizinga juu ya vichwa vya watu.

Hata mizee imefufuliwa. Tu-141, droni ya jeti ya enzi za Kisovieti, ilianguka Zagreb, mji mkuu wa Kroatia, tarehe 10 Machi 2022, baada ya kuvuka anga za nchi kadhaa za NATO.

Je, picha zikiwa safi bado wanaweza kukosea?

Wanaweza, na gharama hailipiki. Tarehe 29 Agosti 2021, Kabul, droni za Marekani zilifuata Toyota Corolla nyeupe kwa saa nyingi. Watazamaji walitarajia shambulio, kwa kuwa siku tatu kabla bomu lilikuwa limeua watu wengi uwanja wa ndege. Waliona wanaume wanapakia vitu vizito, wakadhani ni vilipuzi. Yalikuwa madumu ya maji. Dereva alikuwa mfanyakazi wa shirika la misaada, anarudi nyumbani, na watoto walikimbilia gari kama watoto wote wanavyomkimbilia baba akifika. Walikufa watu 10, 7 kati yao watoto. Tarehe 17 Septemba Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilikiri kuwa lilikuwa kosa. Kamera haikuwa na hitilafu. Ilileta madumu kama yalivyo.

Zile zinazopeleka damu Rwanda ni za aina hii?

Hapana. Zile za kampuni ya Zipline, zilizoanza kazi Oktoba 2016, hupeleka damu na dawa hospitalini na kuziangusha kwa parachuti ndogo. Ufundi wa kuruka ni jamaa mmoja, kazi ni tofauti kabisa.

Nikiwa na droni yangu ndogo, naweza kuirusha karibu na kambi?

Usijaribu. Tanzania unahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, TCAA, Kenya cha mwenzake KCAA, na maeneo ya jeshi na viwanja vya ndege yamepigwa marufuku. Askari wa lindo hawezi kujua kama unapiga picha ya harusi.

Mtu aliye chini atajuaje kama iliyo juu yake inatazama tu au imebeba silaha?

Hawezi kujua. Predator iliruka miaka sita ikiwa kamera tupu. Februari 2001 wahandisi waliijaribu kwa kombora la Hellfire jangwani Nevada, na mwezi Oktoba mwaka huo ilikuwa inaua Afghanistan. Mabawa ni yale yale, injini ile ile, mlio ule ule. Likiongezwa kombora chini ya bawa, aliye shambani akiinua macho ataona nukta, kama ataona kitu. Atakachosikia ni mvumo, na mvumo huo unaweza kukaa juu ya paa lake tangu alfajiri hadi watoto wamelala.